Ulinganisho: seti kamili ya cheni yenye oringi, au cheni ya kawaida, kwa pikipiki ya safari ndefu?

Msafiri_Ilazo (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Cheni ya pikipiki yangu imefika mwisho, nami ninakusudia kwenda Mbeya kupitia Mtera na Iringa mwezi ujao, nikiwa na mizigo na mke wangu nyuma. Nimepewa machaguo matatu. La kwanza ni seti kamili, yaani cheni yenye oringi (vipete vya mpira kwenye pingili) pamoja na sproketi zote mbili (magurudumu ya meno yanayobeba cheni, mbele na nyuma), ambayo itabidi iagizwe Dar es Salaam na kuletwa kwa basi. La pili ni cheni ya kawaida isiyo na oringi, ambayo muuzaji mmoja hapa mjini ananihakikishia kuwa "inaingia", tena kwa bei ya karibu theluthi ya ile ya kwanza. La tatu ni kununua cheni nzuri pekee na kuziacha sproketi zilizopo, kwa kuwa kwa macho naona bado zina meno. Kazi ningependa kuifanya mwenyewe nyumbani. Ni lipi litafaa zaidi kwa vumbi letu hili la Dodoma?

FundiKizota

Mleta mada, umeeleza safari, mizigo na bei, lakini hukutaja pikipiki yenyewe. Tutakushauri juu ya nini? Cheni ina namba, na namba hiyo imegongwa ubavuni mwa pingili. Chukua brashi na mafuta ya taa, isafishe mpaka uisome. Bodaboda nyingi zinatumia 428, ambayo umbali wa pini hadi pini ni milimita 12.7. Pikipiki kubwa za safari hutumia 520, 525 au 530, na zote hizo tatu zina umbali wa milimita 15.875, tofauti yake ikiwa ni upana wa ndani tu. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukupa 530 mahali pa 525, nawe ukaona meno yanakaa vizuri ilhali cheni inacheza kulia na kushoto. Neno "inaingia" halitoshi.

Tuambie pia: ina stendi ya kati? Imetembea kilomita ngapi? Na umejuaje kwamba cheni imekwisha, umeipima au umeitazama?

Dada_wa_Nzuguni

Hata kabla hajajibu, mimi nasema seti kamili, na sibadili msimamo. Cheni na sproketi hulika pamoja na kuzoeana. Ukiweka cheni mpya juu ya meno yaliyolika, pingili hazikai mahali pake, mzigo wote unabebwa na meno machache, na cheni uliyoinunua kwa fedha nyingi inavutika kabla ya wakati wake. Yale meno unayosema bado yapo, yatazame kwa ubavu badala ya kuyatazama kwa juu. Kama upande mmoja wa jino umechimbika na ncha yake imeinama, hiyo sproketi imekwisha. Na usiishie kwenye ya nyuma. Ya mbele ni ndogo, inazunguka mara nyingi zaidi, nayo imefichwa ndani ya kava ambako wengi hawafungui.

Mzee_wa_Kondoa

Vijana, mnamtisha mwenzenu bure. Nimeendesha pikipiki kubwa kati ya Kondoa na Dodoma tangu barabara ile haijawekwa lami, nyakati ambazo vumbi lilikuwa linafika kwenye magoti, na miaka yote hiyo nilitumia cheni ya kawaida. Siri ni kuipaka oili kila jioni. Oili yenyewe ni ile chafu inayomwagwa kutoka kwenye injini, wala haina gharama. Cheni ya oringi mnalipia jina.

Msafiri_Ilazo (mleta mada)

Ninaomba radhi kwa kutoeleza mambo hayo mapema. Pikipiki ni Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2008. Nimeisafisha cheni na namba inasomeka 525. Haina stendi ya kati. Kilomita za cheni hii sizifahamu kwa sababu nilinunua pikipiki kwa mtu mwingine. Nilijua imekwisha kwa kuwa gurudumu la nyuma limekwisha kuvutwa hadi alama za mwisho, na bado cheni inalegea.

FundiKizota

Hapo sasa tunaweza kuzungumza. Ivute cheni upande wa chini ikaze, kisha pima kutoka pini ya kwanza hadi ya ishirini na moja, katikati hadi katikati. Cheni mpya itakupa milimita 317.5, na kitabu cha Suzuki kinasema ikizidi 319.4 itupwe. Pima sehemu tatu au nne tofauti, kwa sababu cheni haivutiki sawasawa mzunguko mzima. Ile inayokaza mahali pamoja na kulegea mahali pengine ndiyo mbaya kuliko zote.

Nikijibu swali lenyewe: tofauti ya oringi si jina, Mzee wangu. Kati ya pini na kibomba kinachoizunguka, kiwandani huwekwa grisi, na vile vipete vya mpira huizuia isitoke na huzuia mchanga usiingie. Cheni ya kawaida haina mlango huo. Kuanzia Mei hadi Novemba hatupati mvua ya maana hapa, na upepo wa mwezi wa nane unabeba mchanga laini unaoingia popote. Mchanga huo ukichanganyika na oili ndani ya pini, unageuka kuwa dawa ya kusagia chuma. Kwa mtu anayezunguka mjini na kurudi nyumbani, cheni ya kawaida inayotunzwa kila siku inaweza kumfaa. Kwa V-Strom yenye watu wawili na mizigo hadi Mbeya, mimi siifungi.

Barabara_ya_Mtera

Nawashangaa mnavyohangaika na cheni wakati dawa ya tatizo hili ipo miaka mingi. Uza hiyo V-Strom, tafuta pikipiki yenye shafti, yaani mhimili unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni. BMW R1200GS, au Yamaha XT1200Z, hata Honda Deauville kama hupendi njia za vumbi. Hakuna kupaka oili, hakuna kukaza, hakuna sproketi. Unabadilisha oili ya gia ya nyuma kwa wakati wake, basi.

Dada_wa_Nzuguni

Mtu ameuliza cheni, wewe unamuuzia pikipiki nyingine. Shafti ni nzuri, sikatai, lakini beringi au sili ya gia ya nyuma ikifa ukiwa Makambako, spea yake utaitoa wapi? Cheni ikifa, utaikuta Mbeya au itakufuata kwa basi, na utaifunga mwenyewe kando ya barabara. Kwa mtu anayetaka kutengeneza nyumbani kwa mikono yake, cheni inamheshimu zaidi.

Na kwa Mzee wa Kondoa, shikamoo. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini imebeba masizi na chembe za chuma. Tunairudishaje kwenye cheni tunayotaka idumu?

Mzee_wa_Kondoa

Marahaba, binti yangu. Chembe hizo ni ndogo kuliko mchanga unaouogopa, na mimi cheni zangu hazikuwahi kukatika. Mtu akinionyesha cheni iliyouawa na oili chafu nitakubali.

Nyika_ya_Singida

Naomba niwaeleze lililonipata, kwa sababu mjadala huu wote ni wa cheni na sproketi, ilhali mimi nilikwamishwa na kipande kidogo kuliko ukucha.

Nilikuwa na safari ya kwenda Singida, nikaipeleka pikipiki kwenye gereji moja ambayo sitaitaja ili nifungiwe seti mpya. Seti ilikuwa nzuri: cheni ya oringi, sproketi za chuma, kila kitu cha chapa inayoaminika. Lakini cheni ilikuja na pingili ya kuungia yenye kilipu, si ile ya kuriveti, ambayo ncha za pini hupanuliwa ili bamba lisitoke. Kilipu ile ina upande uliozibwa na upande wenye mdomo, na kanuni yake ni kwamba upande uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda, ili jiwe au kijiti kikiigonga kisiisukume ikatoka. Aliyenifungia aliigeuza mdomo mbele. Nililipa, nikapakia mizigo, nikaondoka alfajiri.

Nilipita Bahi salama. Nikiwa ninapanda kuelekea Manyoni, nilisikia kitu kinagonga chini ya buti langu la kushoto, mara mbili tatu hivi, halafu kishindo kimoja kikubwa, na injini ikapanda mlio bila pikipiki kusogea. Cheni ilikuwa imefunguka na kujikunja mbele, ndani ya kava ya sproketi. Nilipoinama niliona oili inachuruzika juu ya lami. Ilikuwa imelipiga gamba la injini nyuma ya sproketi hadi likapasuka, na fimbo ya klachi inayopita pale ilikuwa imepinda. Namshukuru Mungu kwamba haikurudi nyuma ikajisokota kwenye gurudumu, kwa maana nyuma yangu kulikuwa na lori la mizigo, na gurudumu likikaza ghafla katika mwendo ule hakuna mtu anayesimama.

Pikipiki ilirudi Dodoma juu ya Fuso. Gamba likashushwa, likachomelewa na mtu anayejua aluminiamu, fimbo ikaagizwa, na gharama yote ikazidi bei ya seti kamili. Nilipowarudia wale wa gereji walisema cheni ilikuwa na kasoro ya kiwandani. Kilipu yenyewe haikupatikana, lakini picha niliyopiga kabla ya kuondoka, nikiwa nafurahia sproketi mpya, ilionyesha wazi ilivyokuwa imegeuzwa.

Kwa hiyo, mleta mada, uchague utakachochagua, lakini uliza kwanza pingili ya kuungia ni ya aina gani.

FundiKizota

Pole sana, ndugu. Mleta mada, kwa pikipiki ya nguvu kama hiyo mimi huriveti tu. Utahitaji kifaa chake, kile chenye bolti ya kusukumia pini na cha kupanulia ncha. Ncha ya pini ipanuliwe kidogo kidogo na ipimwe kwa kalipa kulingana na maelezo ya mtengenezaji wa cheni. Ukizidisha, pini inapasuka, na ukipunguza, bamba linatoka. Usigonge kwa nyundo. Vile vipete vinne vya mpira viwekwe na grisi yake iliyokuja kwenye kifuko, na ukishamaliza, pingili hiyo ijikunje kwa wepesi sawa na jirani zake.

Jambo jingine ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: nati ya sproketi ya mbele ilegeze wakati cheni ya zamani bado imefungwa, mtu mwingine akiwa amekanyaga breki ya nyuma. Ukishaikata cheni, hutakuwa na cha kuizuia isizunguke.

Barabara_ya_Mtera

Kama ameshikilia cheni, basi aongeze jino moja mbele, kutoka 15 hadi 16. Injini itatulia kwenye lami na mafuta yatapungua.

Dada_wa_Nzuguni

Awe na mke nyuma na masanduku pembeni, halafu apande mlima wa Nyang'oro na sproketi ya 16? Kona zile zinataka gia ya chini inayovuta. Abaki na meno 15 mbele na 47 nyuma, ya kiwandani. Mwenye kwenda Dar es Salaam peke yake kila wiki ndiye wa kuongeza jino.

Barabara_ya_Mtera

Nimepanda Nyang'oro na 16 na mizigo, na sikushuka gia zaidi ya moja.

Mwalimu_Mkonze

Ninasoma kwa makini kwa kuwa nami ninatunza pikipiki nyumbani. Ninaomba kuuliza kuhusu usafi: kijana anayeniosha hutumia petroli na brashi ya waya, kisha anamalizia na mashine ya maji. Cheni inang'aa sana. Je, kuna ubaya?

FundiKizota

Mwalimu, upo. Petroli huharibu mpira wa oringi, brashi ya waya huukata, na maji ya mashine hupenya na kusukuma grisi itoke, tena huingia hata kwenye beringi za gurudumu. Tumia mafuta ya taa na brashi laini ya nailoni, futa kwa kitambaa, acha ikauke, kisha paka oili ya gia 80W-90 upande wa ndani wa cheni, mara tu unaporudi safari ikiwa bado ina joto. Baada ya robo saa futa tena ile ya nje yote, maana oili inayobaki nje haina kazi ila kukamata mchanga. Kwa vumbi letu, fanya hivyo kila kilomita 500 hivi.

Na ninakusihi, mwambie kijana huyo asisafishe cheni injini ikiwa imewashwa na gia imeingia. Kitambaa kikinaswa, vidole vinafuata kabla hajavuta mkono. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, injini ikiwa imezimwa.

Mzee_wa_Kondoa

Kwenye hilo la injini kuwashwa ninakuunga mkono kwa asilimia zote. Nina jamaa yangu aliyepoteza ncha za vidole viwili kwa namna hiyo hiyo. Lakini 80W-90 na oili yangu zote zinakamata mchanga, tofauti ni rangi.

Msafiri_Ilazo (mleta mada)

Ninawashukuru nyote. Nimepima sehemu nne: kubwa imetoka 321, ndogo 319. Nimefungua kava ya mbele pia, na meno yameinama kama Dada alivyoeleza, kwa hiyo chaguo la tatu nimelifuta. Yule muuzaji wa mjini nimemtembelea tena, na cheni yake ni 530. Imebaki seti ya Dar es Salaam, ila wana aina mbili: moja ina sproketi ya nyuma ya aluminiamu na pingili ya kuriveti, nyingine ina sproketi za chuma lakini pingili yake ni ya kilipu.

Dada_wa_Nzuguni

Chuma. Aluminiamu ni nyepesi lakini hulika haraka kwenye mchanga. Waombe wakuuzie pingili ya kuriveti kando, ya chapa ile ile na cheni ile ile, kwa sababu pingili za chapa tofauti hazichanganywi.

Nyika_ya_Singida

Na wasipokuwa nayo, je?

Barabara_ya_Mtera

Wasipokuwa nayo achukue ile ya aluminiamu, afike Mbeya na kurudi, sproketi ataibadilisha baadaye.

FundiKizota

Au achukue ya chuma, kilipu igeuzwe inavyotakiwa na ifungwe kwa waya mwembamba wa chuma, aikague kila anapojaza mafuta. Wapo wanaofanya hivyo. Mimi nisingeipakia abiria.

Mleta mada, kifaa cha kuriveti ninacho hapa Kizota, na Jumamosi nitakuwepo mchana. Uje na kitabu cha pikipiki na ule urefu wa cheni ya zamani ukiwa umehesabu pingili zote.