Mada: Sendofu Jumamosi ya Ohio State na Michigan, wenyeji wa Columbus nisaidieni

Kutoka: Dada wa Westerville

Shikamooni wakubwa. Wengine habari za huko mliko.

Nimehamia Columbus, Ohio, mwaka huu nikitokea Houston, kikazi, mimi ni nesi. Mdogo wangu anaolewa Desemba na sendofu tumeipanga Jumamosi ya tarehe 29 Novemba 2025, saa saba mchana. Ukumbi tuliupata kwa bei ambayo hata mimi niliishangaa. Jana nikawatajia tarehe wenzangu wa zamu, wakacheka mpaka mgonjwa wa jirani akaamka. Mmoja akaniuliza kama bibi harusi ana ugomvi na wageni wake. Kumbe ndiyo siku ya mechi ya mpira wa Kimarekani kati ya vyuo vikuu vya Ohio State na Michigan, na ndiyo maana ukumbi ulikuwa rahisi!

Naomba mnifafanulie mambo mawili. Kwanza, ni kweli watu hawatakuja, hata hawa wetu tunaokula nao pilau? Pili, huu uhasama wenyewe umepangwaje? Watu walewale wanaoapa hawanunui hata soksi za bluu, kwa kuwa ni rangi ya Michigan, juzi walikuwa wanaishangilia Indiana ikicheza na Penn State. Mechi ilipoisha wakaanza kulalamika kwamba Indiana ndiyo itakayotunyang'anya kombe. Mtu anampenda nani na anamchukia nani hapa? Na nivae rangi gani ili nile chakula changu kwa amani?

Kutoka: Mzee wa Reynoldsburg

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa harusi. Umeingia mji wa wagonjwa, nami ni mmoja wao.

Saa saba sahau. Mechi hii huchezwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, baada ya sikukuu ya Shukrani, na inaanza saa sita kamili mchana. Mpaka saa tisa na nusu hivi imekwisha. Mwaka huu iko kwao Michigan, mjini Ann Arbor, hiyo ni nafuu yako. Ingekuwa hapa usingethubutu kupita Lane Avenue wala Olentangy River Road, maana uwanja wetu unaingiza watu zaidi ya laki moja, na waliokosa tiketi nao wanakuja kuchoma nyama kwenye maegesho. Peleka sherehe saa kumi na mbili jioni. Tukishinda watakuja na bahasha nene. Tukifungwa watakuja vilevile, maana hakuna atakayetaka kubaki nyumbani na televisheni.

La pili linataka nafasi, nivumilie.

Michigan peke yake ndiyo inayochukiwa kwa moyo wote. Walikutana mara ya kwanza mwaka 1897, Michigan wakashinda 34–0, na tangu hapo ni mambo ya kurithishana. Woody Hayes, aliyefundisha hapa kuanzia 1951 hadi 1978, hakupenda hata kulitaja jina lao, alisema "ile timu ya kaskazini", na utawasikia watu wazima wenye shahada wakisema hivyohivyo mpaka leo. Wiki yenyewe ikifika, nenda chuoni uangalie vibao: kila herufi M imepigwa X kwa utepe mwekundu.

Isitoshe tuna kidonda. Wametufunga mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Hii ya mwisho ilikuwa hapa nyumbani, sisi tukipewa nafasi kubwa, wakatufunga 13–10 kisha wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja wetu. Zikapigwa ngumi, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Sasa sikiliza. Tarehe 20 Januari 2025, wiki saba tu baadaye, Ohio State hiyohiyo ikaifunga Notre Dame 34–23 na kuwa bingwa wa taifa zima. Mgeni atasema yameisha, mmepata kikubwa zaidi. Jirani yangu mwenye bendera mlangoni bado ukimtajia 13–10 anaingia ndani.

Wengine wana daraja zao. Penn State ni uadui wa kufuata ratiba, wiki ya mechi tunawaka, wiki ya pili tumesahau (mwaka huu tumewafunga 38–14, tayari nimesahau). Michigan State ni kama wenzetu, kwa sababu nao hawalali kwa ajili ya Michigan. Illinois tunagombea naye kobe wa mbao anayeitwa Illibuck, na nusu ya mashabiki wa hapa hawajui kama kobe huyo yupo. Iowa na Purdue ni jambo jingine: hatuwachukii, tunawaogopa. Mwaka 2017 tulikwenda Iowa tukiwa wakubwa, tukarudi na 55–24. Mwaka 2018 tukaenda Purdue, 49–20. Timu za namna hii unazipita kama unavyopita duka la mtu anayekudai.

Oregon, Washington, USC na UCLA wamejiunga mwaka 2024, ndiyo maana ligi inayoitwa Big Ten ina timu 18. Usiniulize hesabu hiyo. USC sina hisia naye yoyote, hata nikijilazimisha. Chuki nayo inataka miaka. Oregon kidogo ameanza kuisomea: Oktoba 2024 alitufunga kwao 32–31, nasi tukamkuta kwenye mechi ya mchujo wa ubingwa iitwayo Rose Bowl siku ya mwaka mpya tukamalizana naye 41–21. Aendelee hivyohivyo, miaka ishirini ijayo wajukuu zangu watamchukia vizuri.

Na Indiana, wodini kwenu wanaishangilia kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa mnyonge wa kila mtu. Amekuja kocha Curt Cignetti, timu imekuwa timu. Mnyonge akimpiga Penn State 27–24 dakika ya mwisho, nani hafurahi? Baada ya furaha mtu anakumbuka kwamba huyu tunaweza kukutana naye fainali ya ligi. Hapo ndipo uliposikia malalamiko.

Kutoka: Kaka wa Ypsilanti

Shikamoo Mzee. Nakuheshimu sana, ila barua yako imeruka mambo.

Mimi nipo huku kwenye njano na bluu, dakika kumi na tano kutoka uwanja wa Michigan, ambao kwa taarifa ya dada ni mkubwa kuliko wenu. Watu 107,601.

Kwanza, ugomvi haukuanzia kwenye mpira. Miaka ya 1835 na 1836 Ohio na Michigan walipeleka wanamgambo mpakani kugombea kipande cha ardhi chenye Toledo. Washington DC wakaamua Toledo iende Ohio, Michigan wapewe rasi ya juu, kule kwenye misitu na madini. Mimi nimefika Toledo na nimefika rasi ya juu, na naona tulidhulumiwa kwa faida yetu. Pili, Mzee kamtaja Woody Hayes akanyamaza kuhusu Bo Schembechler. Huyu Bo alikuwa msaidizi wa Woody hapohapo Columbus. Mwaka 1969, msimu wake wa kwanza akiwa kocha wa Michigan, akamfunga mwalimu wake 24–12, Ohio State wakiwa mabingwa watetezi. Wakapambana miaka kumi. Bo alifariki tarehe 17 Novemba 2006, siku moja kabla ya Michigan na Ohio State kukutana zikiwa namba moja na namba mbili nchi nzima. Mlishinda 42–39. Sisi huku tulimzika mtu ambaye ninyi mlimlea.

Sasa dada, kuhusu nani umshangilie. Ninachokuambia wenzangu wa huku hawakipendi: mimi naitakia Ohio State ishinde mechi zote mpaka siku inapokutana na sisi. Tangu 2024 mchujo wa ubingwa una timu 12, na kamati inayochagua inaangalia uliyemfunga ni nani. Ukimfunga mtu aliyekwishapigwa na kila mtu, umefanya nini? Hata fedha ni hivyohivyo. Mkataba wa televisheni wa Big Ten uliotangazwa 2022 ni zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7, zinaingia mfuko mmoja ndipo zigawanywe. Mtani akiwa mkubwa, mfuko unanona.

Na siyo kwamba nilizaliwa na roho nzuri. Mimi ni Simba wa Kariakoo. Mwaka 2023 Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger, nilikuwa upande wa Waalgeria bila haya. Yanga wakafungwa 2–1 Dar, wakaenda kushinda 1–0 Algiers, kombe likaondoka kwa goli la ugenini. Nilinunulia watu chai.

Kutoka: Mama wa Dayton

Hamjambo nyote. Mpira mnaujua ninyi, mimi naongezea ya nyumbani.

Dada, ukiwa na watoto shuleni, wiki hiyo utaletewa karatasi ya kuvaa nyekundu na kijivu, rangi za Ohio State, siku moja. Usinunue jezi mpya dukani, bei yake ni ya kulia. Nenda duka la mitumba mwezi wa nane au wa tisa, utakuta za kila saizi. Kwa wiki hii zilizobaki ni za watoto wachanga tu, nimetoka kuangalia.

Halafu hawa kaka wanasema utani, kwangu umefika mezani. Kijana wangu wa kwanza anataka kuomba chuo Michigan. Baba yake amesema hataki kusikia, anazungumzia 13–10. Mimi nikamwambia baba, achana na 13–10, tuzungumzie ada. Mkazi wa Ohio akisoma chuo cha umma cha Ohio analipa ada ya mkazi. Akivuka mpaka kwenda Michigan analipa ya mtu wa nje, na tofauti hiyo ni gari jipya kila mwaka. Kijana akapiga hesabu mwenyewe, sasa anasema atafikiria. Baba anatembea mtaani kama yeye ndiye aliyeshinda.

Wenye watoto wanaokaribia chuo na mmehamia karibuni: Ohio inataka uwe umekaa miezi 12 ndipo mtoto ahesabiwe mkazi. Tunzeni mikataba ya nyumba na hati za malipo ya mshahara, mtaulizwa.

Kutoka: Mzee wa Reynoldsburg

Kaka wa Ypsilanti, hesabu yako ni sahihi na siitaki.

Kama ni hesabu, hata kwetu ipo. Tanzania inapeleka timu nne mashindano ya Afrika kwa sababu ya pointi za CAF, na pointi hizo wamezichuma Simba na Yanga kwa miaka. Kila Yanga anaposhinda ugenini, Simba anapata faida, na kinyume chake. Ulilijua hilo ulipokuwa unawanunulia watu chai? Ulilijua. Ukanunua tu.

Michigan walipocheza fainali ya taifa na Washington, tarehe 8 Januari 2024 kule Houston, mke wangu alinikuta sebuleni nimevaa shati la zambarau, rangi ya Washington. Akaniuliza Washington umewahi kufika? Sijawahi. Michigan wakashinda 34–13 nikalala na shati langu. Ligi yetu ilisifiwa mwaka mzima kwa ubingwa ule, na televisheni ikatulipa vizuri, kama unavyosema. Mimi fedha hiyo sikuiona.

Ninachokubali ni kimoja: sitaki Michigan wawe dhaifu. Nataka wawe wazuri, washinde mechi kumi na moja, halafu waje wafungwe na sisi. Mwaka wanapokuwa wabovu, kuwashinda hakuna ladha.

Mwanangu wa Westerville, hujasema kama umehamisha saa.

Kutoka: Dada wa Westerville

Nimehamisha, Mzee. Saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku, mwenye ukumbi hakuongeza hata senti. Alipoona nimeelewa alicheka akaniambia mchana ule ukumbi ungekuwa na mimi na mpishi.

Houston siku ile ya Washington nilikuwepo, nilikuwa zamu ya usiku karibu na uwanja. Foleni ya magari yenye bendera za bluu na njano ilinichelewesha kazini na sikujua hata ni nini.

Leo nimeingia wodini nimekuta wamekwishaanza. Ubao wa ratiba, neno "Monday" limepigwa X nyekundu mwanzoni, na jina la daktari mmoja ambaye jina lake linaanza na M nalo limekatwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta utepe.

Ila kuna tatizo jipya na sijui niliseme vipi. Sare za kamati zilishonwa Dar mwezi uliopita na mzigo tayari uko njiani. Bibi harusi alichagua vitenge vya bluu iliyokolea na njano. Watu thelathini. Na keki pia imeagizwa rangi hizo.

Kutoka: Kaka wa Ypsilanti

Hahahaha! Nakuja. Niandikieni mimi, mke wangu na watoto wawili. Kitenge kama kimebaki naomba mita tatu.

Kutoka: Mama wa Dayton

Keki piga simu leo, wabadilishe iwe nyeupe, bado siku zipo. Vitenge haviwezekani, wavae tu, wapeni vitambaa vyekundu vya mkononi. Mimi naleta maandazi na sufuria mbili kubwa.

Kutoka: Mzee wa Reynoldsburg

Nitakuja na suti ya kijivu na tai nyekundu, na nitakaa meza ya mbali na kamati. Kaka wa Ypsilanti akae meza yangu nimwone. Mbuzi nitashika mimi, kuna mfugaji barabara ya kwenda Lancaster ninayemwamini, ila nitahitaji mtu wa kusaidia kuchinja asubuhi ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi msinipigie simu.