Mjadala: Pesa ya korosho ilipwe kwa mkupuo au kwa awamu?

HOJA: Kila msimu Mtwara na Lindi lawama ni ile ile: mkulima kalipwa Novemba, Machi hana kitu, basi "watu wa Kusini hawajui akiba". Wapo wanaotaka AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zilipe kwa awamu. Ni tabia ya watu, au ni kazi yenyewe?

NEWALA: Ni kazi. Mkorosho hulipa msimu mmoja tu, Oktoba hadi Januari, na gharama zake huja mfuko ukiwa mtupu: palizi, kisha Juni hadi Agosti kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, kila wiki mbili au tatu, alfajiri upepo ukiwa umetulia. Ukiruka raundi maua yakichanua, kuvu hukausha shada zima. Hata salfa ikija kwa ruzuku, petroli ya mashine na kibarua vinataka taslimu. Hapo ndipo mtu wa kangomba anapoingia, anainunua korosho ingali mtini kwa bei anayotaka yeye. Utafiti wa mwaka 2013 uliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno. Watu wale wale, kabla ya kulipwa, walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Ukata unaibana akili, na sisi tunauita tabia!

MIKINDANI: Nakubali, kaka, ila usiishie hapo. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka anapumzika. Chombo kikirudi hutolewa kwanza gharama ya mafuta na barafu, kinachobaki ni mgao wa mwenye chombo na mabaharia. Pesa ndogo za mara kwa mara ndizo zinazouwezesha upatu wa kila siku pwani. Newala mwezi wa tano mtautoa wapi? Na akiba si benki peke yake. Anayetoa tunzo kwenye unyago wa jirani baada ya korosho anajua zamu yake ya kutunzwa itafika. Kuliita hilo ufujaji ni kutowaelewa watu.

LIWALE: Ndugu zangu, mmesahau 2013. Hapa awamu zilikuwepo, malipo ya pili yakaja pungufu ya yaliyotarajiwa, nyumba zikachomwa moto. Anayedai pesa yake yote leo hakufundishwa na mvua wala udongo, alifundishwa na malipo yale. Awamu iwe ya hiari: siku ya kupima, mkulima aandike mwenyewe kiasi cha kushikiliwa, kiingie akaunti yake. Kikikaa akaunti ya chama, kitalipa madeni ya chama.

NEWALA: Hiari sawa, lakini kitoke mwisho wa Mei, siyo Juni katikati. Mikorosho 100 kwa gramu 250 za salfa kila mti ni mfuko mzima wa kilo 25 kwa raundi moja, na ua halimsubiri karani.