CT scan ni ya nani: Hounsfield au Cormack?

Mwanagenzi: Wakuu, shikamooni. Nasomea upigaji eksirei, mwaka wa kwanza. Mwalimu anasema CT scan, ile mashine ya eksirei inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, ni ya Hounsfield, basi. Lakini Nobel ya tiba ya 1979 walipewa wawili, yeye na Allan Cormack. Huyu wa pili alifanya nini?

MzeeMionzi: Marahaba. Hounsfield hasahauliki, kila siku kazini natumia namba zake za kuonyesha kitu kinazuia eksirei kiasi gani: maji 0, hewa -1000. Anayepunjwa ni Cormack. Alikuwa mwanafizikia wa Afrika Kusini, si daktari. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilibaki bila mwanafizikia, na sheria ilitaka awepo wa kusimamia isotopu zenye mionzi. Akaazimwa kutoka chuo kikuu, siku moja na nusu kwa wiki. Huko akakuta dozi za tiba ya mionzi zinapigiwa hesabu kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, pafu sawa na mfupa! Akatafuta hesabu za kujua, kwa kupima miale inayotoka upande wa pili, kila sehemu ya ndani inaizuia kiasi gani.

Mwaka 1957 akachukua kisahani cha alumini, akakizungushia mbao, akapitisha miale ya gama, inayopenya kama eksirei, kutoka kobalti-60 yenye mionzi. Hesabu zikaonyesha mbao vizuri, zikaonyesha alumini, ila pale katikati kabisa namba zikagoma. Kuulizia, kumbe kisahani kilipachikwa kipini cha alumini karibu safi, kwingine kote ni aloi, alumini iliyochanganywa na metali nyingine. Mwenyewe hakujua, hesabu zikamuumbua! Nikifika hapo huwa nacheka peke yangu.

Akachapisha 1963 na 1964. Kimya. Ombi moja la nakala lilitoka Uswisi, kwa wachunguzi wa maporomoko ya theluji.

Filamu_Nyeusi: Mzee, hesabu hazilazi mgonjwa mezani. Mashine kaitengeneza Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, na 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo London. Jaribio lake la mwanzo lilimla siku 9.

Mwanagenzi: Siku 9 picha moja?

MzeeMionzi: Chanzo chake cha gama kilikuwa dhaifu. Alipofunga mrija wa eksirei zikawa saa 9. Filamu yuko sahihi, sikatai. Tena hesabu zenyewe mwanahisabati Johann Radon alishazitatua 1917, Cormack akaja kujua baadaye sana. Sasa nani angetulia saa 9 bila kutikisika? Ndiyo maana Hounsfield alianza na ubongo wa ng'ombe, akiubeba mwenyewe kuvuka jiji.