Oscar ya Morricone 2016: alistahili au walimlipa deni?

Wakuu, hili limenikaa kooni siku nyingi. Februari 2016 Ennio Morricone, mzee wa Roma, alipewa Oscar ya muziki wa filamu kwa The Hateful Eight, ile kauboi ya Quentin Tarantino. Alikuwa na miaka 87. Kabla ya hapo aliteuliwa mara tano akatoka mikono mitupu, na 2007 wakampa ya heshima, Clint Eastwood akimtafsiria jukwaani. Mimi nasema ya 2016 ilikuwa deni tu. Mle ndani kuna vipande alivyoiandikia The Thing ya John Carpenter, 1982. Kiporo kimepashwa moto kikashinda tuzo ya muziki mpya! Nipingeni.

— Kiporo cha nani, mkuu? Umesikiliza mwanzo wake? Theluji tupu, Yesu wa mbao msalabani, gari la farasi linakuja kwa mbali, na basuni, zile zumari ndefu za sauti nzito, zinanguruma kama kuna mtu kajificha chini ya sakafu. (Walioiona filamu hadi mwisho wamenielewa.) Dakika saba na ushee, kazi mpya kabisa. Angeweza kuturudishia mluzi wake wa 1966, ule wa The Good, the Bad and the Ugly, tukashangilia. Hakutaka.

— Mluzi wenyewe hata kuteuliwa haukuteuliwa.

— Tukumbushane la 1987. Muziki wa Morricone wa The Mission ulibwagwa na ule wa Herbie Hancock wa Round Midnight, filamu iliyojaa jazi za zamani. Mashabiki wa Morricone wakalia: huo si muziki mpya! Zamu yao ilipofika, kimya. Mkuki kwa nguruwe...

— Si sawa hata kidogo. Zile jazi zilikuwa zimepigwa kila klabu. Vipande vya The Thing, Carpenter aliviacha nje ya filamu yake. Fundi akikushonea suti usiichukue, akampa mwingine, utasema ni mtumba?

— Mwanzisha mada narudi. Hiyo ya suti umenibana, na basuni nazikubali. Lakini mwaka ule walioteuliwa walikuwepo pia watunzi Carter Burwell na muziki wa filamu ya Carol, na Jóhann Jóhannsson na ule wa Sicario, ngoma inayokubana kifua hadi unasahau kupumua. Mzee alilipwa deni lake, sawa, ila kwa fedha ya nani? Jóhannsson alifariki 2018, ana miaka 48, hana Oscar hata moja.