Paka anajikuna usiku na mchana, kiroboto simwoni

Binti_Makorora
Hamjambo wenzangu. Nina paka jike wa miezi 8, tunamwita Kashata kwa rangi yake. Wiki ya tatu hii anajikuna. Atakuwa anakula dagaa wake vizuri, mara anaacha, anapinda shingo, mguu wa nyuma unamwenda kama cherehani. Karibu na mkia manyoya yamepukutika, kuna vipele vyenye magamba. Nimepekua, kiroboto sijaona hata mmoja, na paka mwenyewe mwisho wake barazani. Mama mkwe anasema ni chumvi ya dagaa. Jirani kanipa kichupa cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, eti matone mawili kwenye ndoo. Moyo umesita. Ni nini hiki?

Mzee_wa_Raskazone
Kuna paka shume hapo barazani kamwambukiza. Mpake mafuta ya taa, utakuja kunishukuru.

Muuza_Dawa_za_Mifugo
Shikamoo mzee, ila hapo kwenye mafuta ya taa hapana. Yanaunguza ngozi, na paka hujilamba, kwa hiyo ukimpaka umemnywesha.

Dada, kichupa kirudishe. Dawa nyingi za kuogeshea zina saipamethrini, sumu ya kuulia wadudu, na ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa au ng'ombe. Nimeshaletewa paka dukani kapakwa dawa ya mbwa: anatetemeka mwili mzima, mate yanamchuruzika. Sitaki kuona tena.

Kutomwona kiroboto si kwamba hayupo. Paka anawalamba na kuwameza. Mwenye mzio, mate ya viroboto wawili watatu yanatosha kumwasha siku kadhaa, na panapoanza ni hapohapo ulipopataja. Tandika karatasi nyeupe, mchane kwa chanuo la chawa kuanzia kiunoni. Zikidondoka chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, zitie tone la maji. Zikitoa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, ile damu aliyonyonya. Mchungulie na masikio. Ukikuta uchafu kama mashapo ya kahawa, hao ni utitiri, tiba yao nyingine.

Binti_Makorora
Subhanallah. Nimemchana leo asubuhi juu ya karatasi ya daftari la mwanangu. Chembe kama kumi na tano hivi, nimetia maji, zimekuwa nyekundunyekundu zote. Masikio safi. Dagaa hawana kosa, ila mama mkwe bado simwambii.

Muuza_Dawa_za_Mifugo
Basi nunua dawa ya matone ya nyuma ya shingo iliyoandikwa ni ya paka, na mpime uzito kwanza. Usipime kwa macho. Ila kumbuka walio mwilini ni wachache. Mayai yanadondoka anapolala, na kiroboto mchanga aliyejifungia kwenye kifuko chake anaweza kungoja miezi, dawa isimpate. Joto na unyevu wa Tanga vinawafaa mno. Kwa hiyo matone kila mwezi, usiache akitulia tu. Ukiona vitu kama punje za mchele chini ya mkia, ni minyoo inayoletwa na viroboto haohao, mwone daktari wa mifugo. Analala wapi?

Binti_Makorora
Kwenye msala wa mama mkwe.

Mzee_wa_Raskazone
Hapo sasa hata mimi sina dawa.