Besiboli Marekani: mashabiki wamekimbia viwanja au matajiri wa timu ndio wamewafungia geti?

Wakuu habari za wikendi. Kuna mjadala huku Marekani kila msimu wa besiboli ukianza, mwezi wa tatu mwishoni, unarudi palepale, kwamba kwanini watu hawajai uwanjani kama zamani. Nimeona niulete hapa maana wabongo tulioko huku wenyewe tumegawanyika, na walioko nyumbani najua mna la kusema, mambo ya viwanja vitupu hayakuanzia Marekani.

Kwa wasiofuatilia: ligi yao kuu, MLB, ina timu 30, kila moja inacheza mechi 162 kwa msimu, 81 zikiwa nyumbani. Mwaka 2007 waliuza tiketi karibu milioni 79.5 na hiyo rekodi haijavunjwa mpaka leo. Ikaanza kushuka kidogokidogo, 2019 milioni 68 na ushee, ikaja korona, 2022 ikawa milioni 64 na nusu hivi. 2023 wakabadili sheria ikapanda milioni 70, 2024 milioni 71. Kwa hiyo anayesema mchezo umefufuka ana hoja, ila milioni nane hazijaonekana zimeenda wapi.

Hoja ya kwanza utakayoisikia ni kwamba mechi ni ndefu zinaboa. Sikatai. 2021 mechi ya kawaida ilikuwa inakula masaa matatu na dakika kumi, na humo ndani muda mwingi hamna kinachotokea, mrushaji anashika mpira anatazama mawingu, mpigaji anatoka pembeni anafungua glovu anafunga glovu anarudi, mrushaji naye anaanza upya, mtoto wako ushamkuta kalala. 2023 wakaweka saa uwanjani, kama hakuna mpigaji aliyeshafika kwenye besi (vile vituo wanavyokimbilia) basi mrushaji ana sekunde 15 tu arushe, mechi zikashuka mpaka masaa mawili na dakika 40. Watu wakarudi, wengi tu. Sasa kama urefu wa mechi ndio ulikuwa tatizo zima, umeshakatwa nusu saa, mbona 2007 haijafikiwa? Halafu saa ni ileile kwa timu zote 30, lakini Dodgers wa Los Angeles msimu wa 2025 wamevuka tiketi milioni 4, na A's, timu iliyohama Oakland, wanachezea Sacramento kwenye kiwanja cha timu ya daraja la chini kinachobeba watu kama 14,000. Saa haiwezi kuelezea tofauti hiyo.

Hoja ya pili eti vijana na simu zao. Hii mimi naiona ya kivivu, haohao vijana wakitaka kwenda kwenye tamasha wanalala foleni. Twende mbele.

Msimamo wangu mimi ni huu, mtanisamehe wapenzi wa MLB: shabiki hajaondoka mwenyewe, amepunguzwa. Matajiri wa timu walishagundua siku nyingi kwamba hela haiko getini tena, iko kwenye TV na kwenye viti vya wakubwa, kwa hiyo yule mtu wa mzunguko anayekuja na watoto watatu na sandwichi za nyumbani sio mteja wanayemhangaikia.

Mnataka ushahidi angalieni New York. Mwaka 2008 timu zake mbili, Yankees na Mets, kila mmoja aliuza zaidi ya tiketi milioni 4. Mwaka uliofuata wote wawili wakahamia viwanja vipya, na vyote vidogo kuliko vya zamani! Mets walitoka uwanja wa Shea uliokuwa unaingiza watu kama 57,000 wakaenda Citi Field ya kama 42,000. Hizo nafasi elfu kumi na tano ni za nani? Za mzunguko, kule juu, za bei ya kula. Badala yake vikaja vyumba vya VIP, migahawa, viti vyenye mito. Atlanta nao walipohama 2017 walifanya vilevile. Halafu mtu anachukua takwimu za 2007 anazilinganisha na za leo anasema mashabiki wamepungua, wakati viti vyenyewe vimeng'olewa.

Na hata hizo takwimu zichukueni kwa tahadhari. Tangu 1993 ligi nzima inatangaza tiketi zilizouzwa, sio vichwa vilivyopita getini. Mimi niko Iowa, jimbo ambalo halina hata timu moja ya ligi kuu, kwa hiyo kwenda mechi ni safari. Kuna siku ya Jumanne mwezi wa nne nikapeleka watoto uwanja mmoja ambao sitautaja, baridi watoto wamevaa makoti ya theluji, paking unalipa kwa simu tu hawataki keshi na imezidi bei ya tiketi yangu mwenyewe, soda na soseji za watu wanne usiulize. Spika ikatangaza idadi ya watazamaji nikacheka, sehemu yetu nzima tulikuwa sisi na wazee wawili. Chini karibu na uwanja safu na safu tupu. Nikawaambia watoto tushuke. Mhudumu mmoja mzee wa heshima kabisa, ana kitambaa cha kufutia viti mkononi, akatuzuia kwa upole, hizo ni za wenye tiketi za msimu. Nikamwonyesha hakuna mtu. Akasema anaona, ila ndivyo alivyoambiwa. Tukarudi juu, naye akaendelea kufuta viti visivyokuwa na mtu.

Hapahapa Iowa, mjini Des Moines, tuna Iowa Cubs, ni timu ya chini ya Chicago Cubs, kiwanja kiko katikati ya mji, kiingilio hakikuumizi kichwa, watoto wanakimbia, wanajaa Wamexico, Wakongo, wazungu wa mashambani, kila mtu. Mchezo uleule. Kwa hiyo mtu asiniambie Wamarekani wamechoka na besiboli.

Ila kesi kubwa ni Oakland, na hii ndio naomba tuijadili kwa kina. Mwaka 2019 A's waliuza tiketi zaidi ya milioni 1.6, sio nyingi lakini sio aibu. Kisha tajiri wao John Fisher akaanza kuuza wachezaji, Matt Olson na Matt Chapman waliondoka ndani ya wiki moja mwezi wa tatu 2022, msimu huo tiketi hazikufika hata laki nane. Kiwanja chenyewe kilikuwa kinaoza, 2013 maji taka yalifurika mpaka vyumba vya kubadilishia nguo, 2023 mnyama aina ya possum akahamia kwenye chumba cha watangazaji wa timu ngeni na harufu yake. Na mwaka 2006 walishafunika ghorofa ya juu kwa maturubai, yaani wewe mwenyewe unaziba viti halafu unakwenda kwa waandishi kulalamika viti havijai.

Sasa tarehe 13 mwezi wa sita 2023, siku ya Jumanne, timu inashika mkia, mashabiki wakapanga waende kwa makusudi ili kuonyesha kwamba wapo. Wakaja 27,759, fulana za kijani za kumtaka Fisher auze timu, makelele masaa yote mawili na zaidi, na A's wakashinda 2-1 dhidi ya Tampa Bay waliokuwa moto sana msimu ule. Wiki hiyohiyo jimbo la Nevada likapitisha hela ya umma mpaka dola milioni 380 ili timu ihamie Las Vegas. Mechi ya mwisho Oakland, Septemba 26 2024, uwanja ulijaa watu 46,889 na watu wazima walikuwa wanalia. Hao ndio mashabiki tunaoambiwa hawapo.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu:

Mkuu mmoja kasema tiketi mbona rahisi, ukingoja siku yenyewe unapata kwa wanaouza tena kwa dola chache. Kweli kabisa, nami nishanunua hivyo. Lakini hiyo inathibitisha ninachosema, bei ya tiketi sio tena ndio bei ya kwenda mpirani, wanakukamata kwenye paking na chakula. Na aliyesema ligi inawaficha mashabiki wake hata kwenye TV kagusa penyewe, hapa Iowa kwa miaka mingi ukilipia huduma ya ligi ya kuangalia mechi mtandaoni unakuta timu sita umefungiwa, Cubs, White Sox, Cardinals, Royals, Twins na Brewers, eti ni timu za nyumbani kwako, wakati nyingine ziko mwendo wa masaa mengi barabarani. Mtoto asiyeiona timu kwenye TV hawezi kukusumbua umpeleke uwanjani.

Mwingine kasema timu ni mali ya mtu, afanye atakavyo, na asiyetaka asiende. Hapo tunatofautiana bana. Karibu nusu ya mapato ya ndani ya kila timu yanaingia kwenye mfuko mmoja yanagawanywa sawa kwa timu zote, kwa hiyo ukiwa tajiri mvivu unakula jasho la Dodgers na Yankees hata kama uwanjani kwako wamekuja popo. White Sox 2024 walifungwa mechi 121, hakuna timu ya zama hizi iliyowahi kufungwa nyingi hivyo, na hawashuki daraja, mwakani wapo palepale. Kwetu ukifungwa hivyo unaenda Championship kucheza vumbini.

Na yule aliyeuliza sisi inatuhusu nini: 2021 Azam walisaini mkataba wa bilioni 225.6 za kitanzania kwa miaka kumi kuonyesha ligi yetu. Hela nzuri na imesaidia timu nyingi, siipingi. Ila tazameni mechi ambayo haina Simba wala Yanga, hesabuni walioko jukwaani, halafu mniambie ni kiongozi gani wa klabu mliyemsikia anahangaika na hilo geti.

Mnaobisha hili la Oakland nawasubiri. Uwanja wa Vegas unatarajiwa kufunguliwa 2028, viti kama 33,000, na mechi 81 ni zilezile. Nani atavijaza Jumanne ya mwezi wa nne, watalii waliofuata kamari?