Siku moja Schwaz, Austria: nikifika nianzie wapi?

Mwalimu_Ruangwa:
Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha jiografia hapa Ruangwa. Mwezi wa tisa nitakuwa Innsbruck kwa mafunzo, na nitakuwa huru Jumamosi moja tu. Nasikia jirani kuna mji mdogo, Schwaz, uliokuwa wa wachimbaji wa madini ya fedha. Huku kwetu siku hizi kila kikao ni kinywe, kinywe, yaani madini ya grafiti, na wanafunzi wananiuliza: yakiisha, mji unabaki na nini? Nataka nikaone mwenyewe. Aliyefika anieleze.

Mkorosho_Tandahimba:
Mwalimu, wageni wengi wanapelekwa Wattens kutazama kristali za Swarovski. Ni njia hiyo hiyo ya treni.

Binti_Mikindani:
Shikamoo mwalimu. Nimesoma Innsbruck miaka miwili, Schwaz nimekwenda mara nne. Wattens iache.

Treni inafuata bonde la mto Inn, nusu saa haifiki. Anza na mgodi asubuhi, kabla watu hawajajaa. Unavalishwa koti na kofia ngumu, unapanda kitreni kidogo, kinakuingiza mita 800 ndani ya mlima. Mle ni nyuzi 12 mwaka mzima, na sisi wa pwani nyuzi 12 ni baridi ya kutetemeka, kwa hiyo beba sweta. Sikiliza vizuri wakifika kwenye habari za maji. Mashimo yalikuwa yanajaa, ikabidi watu kama 600 wapokezane ndoo usiku na mchana kuyatoa, mpaka miaka ya 1550 lilipotengenezwa gurudumu la kuyavuta. Mimi niliisahau fedha yote, nikawa nawawaza hao watu na ndoo zao.

Halafu kanisa la parokia, tafadhali usilipite. Paa lake lina vigae vya shaba kama 15,000, shaba ya mlima huo huo. Ndani lina sehemu mbili za altare, kwa sababu wachimbaji walisali upande wao na watu wa mjini upande wao, katikati ukuta wa mbao. Enzi hizo Schwaz ilikuwa na watu wapatao 20,000, na katika Austria yote ilizidiwa na Vienna tu. Leo hawafiki idadi hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini nilirudi mara nne. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa reli ya karanga, ile ya Mtwara kwenda Nachingwea. Mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulikufa, na reli ikaja kung'olewa. Kilichobaki kwetu ni taa yake ya mkono, mama ameitundika jikoni. Kule Schwaz nilikuta watoto wa shule wamepanga mstari kungoja kitreni, wanaenda kuona walipofanya kazi mababu wa mababu zao. Nililia, mwalimu. Mle ndani kuna giza, hakuna aliyeniona.

Mwalimu_Ruangwa:
Marahaba binti. Umenigusa. Na ile ngome ya Freundsberg? Goti langu la kushoto si zima.

Binti_Mikindani:
Iko juu ya mji, ni kupanda tu. Itazame kutoka chini. Badala yake ingia Museum der Völker, makumbusho ya sanaa za Afrika na Asia, utashangaa kuyakuta katika mji wa kadiri ile. Ila kwanza hakikisha saa zao za kufungua.

Mkorosho_Tandahimba:
Kumbe. Basi nafuta ya Wattens.

Mwalimu_Ruangwa:
Nimeandika yote: sweta, mgodi, kanisa, makumbusho. Binti, ukija likizo, naomba uje Ruangwa na ile taa. Nataka kidato cha pili waishike.

Binti_Mikindani:
Desemba, mwalimu. Nimeshamwambia mama aishushe.